Waya gani wa koili unafaa kwa sigara ya kielektroniki?

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Leicester, Uingereza, nami nalinukuu kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Nilivuta sigara miaka kumi na moja, nikaiacha mwaka jana kwa msaada wa vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Tangu vepu za kutupa zilipopigwa marufuku kuuzwa hapa tarehe 1 Juni 2025, nimenunua kifaa ambacho koili yake naifunga kwa mkono. Dukani nimekuta waya wa Kanthal, nikromu, nikeli, titani na chuma cha pua, na muuzaji akanihimiza nichukue nikromu kwa kuwa unawaka upesi na ladha yake ni safi. Je, nichague upi, na upi hautaniumiza mapafu?"

Marahaba, na hongera kwa kuiacha sigara. Nitakujibu kwanza kwa ufupi, kisha nieleze sababu, maana katika jambo hili sababu ndizo zitakazokulinda siku utakapokutana na muuzaji mwingine mwenye maneno mengine.

Chukua Kanthal A1 wenye kipenyo cha milimita 0.4, ambao madukani huandikwa geji 26, na uwe waya mmoja mtupu usiosukwa na mwingine. Ikiwa kifaa chako kina uwezo wa kudhibiti joto, yaani kinakuruhusu kuweka nyuzi za joto badala ya wati peke yake, basi chukua chuma cha pua kiitwacho 316L chenye kipenyo hichohicho. Nikromu si waya mbaya, lakini sababu uliyopewa ya kuununua haisimami, na nitaonyesha hapa chini kwa nini. Nikeli tupu na titani ziache palepale dukani. Ama kuhusu mapafu, siwezi kukuahidi waya usiodhuru, kwa kuwa haupo. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwashauri wavutaji wahamie vepu ili waache sigara, lakini hiyohiyo husema kwamba vepu ina madhara yake na kwamba asiyevuta asianze. Kwa hiyo jibu hili nimekuandikia wewe uliyetoka kwenye sigara, na mtu ambaye hajawahi kuvuta sina waya wa kumpendekezea. Ninachoweza kukuonyesha ni namna ya kupunguza kile kinachotoka kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuza kimiminika kuwa mvuke, na kuingia kifuani, na hilo hutegemea joto zaidi kuliko jina la metali.

Nyaya hizi hazikubuniwa kwa ajili ya pumzi ya mtu. Nikromu, ambao ni mchanganyiko wa nikeli asilimia 80 na kromu asilimia 20, ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh, na hapo viwanda vikapata waya unaoweza kukaa mwekundu hewani kwa saa nyingi bila kuliwa; pasi za umeme, tosta na hita za chumbani zilienea kwa msaada wa waya huo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1926, Mswidi Hans von Kantzow alisajili mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini, na jina la Kanthal likaundwa kutokana na jina lake na la mji wa Hallstahammar. Kanthal A1 una kromu takriban asilimia 22 na alumini karibu asilimia 6, kilichobaki ni chuma, na hauna nikeli. Unaweza kuhimili nyuzi 1,400 za Selsiasi katika tanuri, wakati nikromu huishia kwenye 1,200 hivi, lakini tofauti hiyo haina maana kwako, kwa sababu koili yako ikifika hata nusu ya joto hilo huku pamba inayofyonza kimiminika imo ndani, umekwisha kuvuta moshi wa pamba.

Kinachozilinda nyaya hizi ni ngozi inayojijenga juu yake zinapopata moto. Nilianza kazi ya umeme kwa kutengeneza majiko ya koili, na ngozi hiyo niliifahamu kwa vidole kabla sijaisoma vitabuni. Koili ya Kanthal iliyopikia miaka miwili huwa ya kijivu isiyong'aa, na ukiikwaruza kwa ncha ya bisibisi ngozi haibanduki. Hiyo ni oksidi ya alumini, iliyoshikamana na waya kama ganda la yai lilivyoshikamana na utando wake. Koili ya nikromu hugeuka kuwa ya kijani kibichi cheusicheusi, kwa sababu ngozi yake ni ya oksidi ya kromu. Tofauti nyingine huonekana pale koili inapokatika: fundi akijaribu kuinyoosha ile ya Kanthal ili aiunganishe, huvunjika mkononi kama kijiti kikavu, ilhali ile ya nikromu hukubali kukunjwa tena. Kwako hii ina maana moja ya vitendo, nayo ni kwamba koili ya Kanthal iliyokwisha kupata moto usiinyooshe na kuizungusha upya, kwa kuwa nyufa zitakazotokea ndizo zitakazochoma kuliko sehemu nyingine.

Sasa tuchukue koili moja na kuitengeneza kwa metali zote tano ulizozitaja. Zungusha waya wa milimita 0.4 mara saba kwenye kijiti chenye kipenyo cha milimita 3, kisha acha miguu miwili mifupi ya kufungia kwenye skurubu. Urefu utakaopitisha umeme utakuwa karibu milimita 85. Waya ukiwa wa Kanthal A1, ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huzuia umeme usipite, utakaribia omu 1. Ukiwa wa nikromu, utakuwa omu 0.74, wa chuma cha pua cha 316L, omu 0.5, wa titani, omu 0.3, na wa nikeli tupu, omu 0.06. Umbo ni lilelile na kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini betri iliyojaa hadi volti 4.2 ikiunganishwa nazo moja kwa moja, Kanthal utavuta ampea 4 na kitu, nikromu karibu 6, chuma cha pua 8, na nikeli 70. Betri nyingi nzuri za ukubwa wa 18650 hutoa ampea 20 hadi 30 mfululizo, kwa hiyo koili ya nikeli iliyofungwa kwa kudhani ni Kanthal ni shoti tu, iliyovaa sura ya koili.

Hesabu hiyo inahusu hasa vifaa visivyo na saketi ya ulinzi, yale mabomba ya chuma ambayo kitufe chake huunganisha betri na koili bila mlinzi yeyote katikati. Mwaka 2018 mjini St. Petersburg, Florida, na mwaka 2019 mjini Fort Worth, Texas, watu wawili walipoteza maisha baada ya vepu kuwalipukia. Nakuomba usitumie kabisa kifaa kisicho na saketi. Sioni faida inayolingana na hatari yake. Kifaa chenye saketi hupima ukinzani kabla ya kuwasha, hukataa koili yenye ukinzani mdogo mno, na hugeuza volti za betri ili kukupa wati ulizoziomba. Katika kifaa cha namna hiyo mzigo wa betri huamuliwa na wati, si na koili: ukiomba wati 18 wakati betri imeshuka hadi volti 3.2, betri itatoa ampea zipatazo 6, iwe koili ni ya omu 1 au ya omu 0.5. Hata hivyo betri ya akiba iweke kwenye kasha lake la plastiki, maana funguo na sarafu mfukoni hufanya shoti ambayo hakuna saketi itakayoizuia.

Nirudi kwa muuzaji wako na madai ya kwamba nikromu huwaka upesi. Wengi huyaamini kwa sababu wameyaona kwa macho yao, na walichokiona ni kweli, ila sababu siyo waliyoidhani. Kwa volti zilezile na umbo lilelile, nikromu wenye omu 0.74 hula wati 24 pale ambapo Kanthal hula 18, na kitu kinachopewa umeme mwingi zaidi lazima kipate moto mapema. Ukizilinganisha kwa wati sawa, kama kifaa chako kinavyofanya, mambo hugeuka. Waya wa Kanthal ni mwepesi kuliko wa nikromu. Kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.1 dhidi ya gramu 8.3 za nikromu, na gramu moja ya kila metali huhitaji karibu kiasi kilekile cha nishati ili ipande nyuzi moja. Hivyo koili tuliyoizungusha hapo juu, ikiwa kavu na ikapewa wati 18, itapanda nyuzi 200 kwa kama sekunde 0.39 ikiwa ya Kanthal na kama sekunde 0.45 ikiwa ya nikromu. Tofauti hiyo huwezi kuihisi. Kama ungehisi lolote, ungehisi Kanthal ukitangulia. Kuhusu ladha safi, ladha hutoka kwenye kimiminika, kwenye upya wa pamba na kwenye joto, na koili yoyote iliyopata ukoko mweusi wa sukari itakupa uchungu uleule.

Uzito wa koili ndio unaochelewesha au kuharakisha moto, na hapo kipenyo kina nguvu kuliko metali. Ukitoka milimita 0.4 ukaenda milimita 0.5 kwa urefu uleule, umeongeza uzito kwa zaidi ya nusu na ukinzani umeshuka hadi chini ya theluthi mbili. Ndiyo maana sikushauri uanze na zile koili za kusukwa ambazo waya mwembamba umezungushwa juu ya mwingine, maarufu kama Clapton. Zina uzito mkubwa, hudai wati nyingi, na zile nafasi ndogondogo baina ya nyaya hukusanya ukoko ambao hautoki.

Mambo ya joto yanahitaji tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo afya yako ilipo. Kimiminika cha vepu ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzi 188, na gliserini, inayochemka kwenye nyuzi 290. Maadamu pamba imelowa, kimiminika hicho hubeba joto la waya kila kinapogeuka mvuke, sawasawa na maji yanavyoizuia sufuria isiungue. Pamba ikikauka, hata sehemu moja tu, breki hiyo huondoka na waya hupanda juu kwa sekunde moja; gliserini huvunjika na kutoa akrolini, inayokereketa koo, na formaldehaidi, na pamba yenyewe huanza kuungua. Mvuto ule mkavu unaokufanya ukohoe na kutupa kifaa mezani ndio mvuto mbaya kuliko yote, na unaweza kuupata kwa waya wowote. Hapo ndipo chuma cha pua kinapopata nafasi yake. Ukinzani wa 316L huongezeka kadiri unavyopata moto, kama asilimia 18 kwa nyuzi 200, na kifaa chenye akili ya kutosha husoma ongezeko hilo, hukadiria joto na kupunguza umeme kabla pamba haijaungua. Kanthal hauwezi kusaidia katika hilo, kwa kuwa ukinzani wake hubadilika kidogo mno. Sifa hiyohiyo inayofanya wati zake zitulie ndiyo inayomnyima mlinzi habari.

Nikeli tupu na titani zilipendwa kwa sababu hiyohiyo ya kusomeka. Ukinzani wa nikeli hupanda zaidi ya maradufu kwa nyuzi 200, na wa titani huongezeka kama asilimia 70. Lakini zote mbili haziruhusiwi kuwashwa kwa hali ya wati, na mkono wa mtu husahau kubadilisha mipangilio. Titani ikipita nyuzi 600 hivi huanza kujenga unga mweupe wa oksidi unaobanduka, na nikeli tupu haina ngozi ya kuaminika kama ya Kanthal. Sasa kwa kuwa 316L inafanya kazi hiyohiyo, na ukikosea hali inavumilia, sioni kwa nini mtu abebe hatari ya hizo mbili.

Kuhusu metali zinazoingia kwenye mvuke, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuchunguza vifaa 56 vya watumiaji wa kila siku. Walipima kimiminika kabla hakijagusa koili, kisha wakapima mvuke, wakakuta risasi, kromu, manganizi na nikeli zimeongezeka baada ya kupita kwenye koili. Kwa risasi, kiwango cha kati katika mvuke kilizidi mara 25 kile cha kwenye chupa. Risasi haimo katika utungaji wa nyaya tunazozizungumzia, hivyo mimi huangalia pia kilichoko jirani na waya: skurubu na nguzo za shaba nyeupe, ambayo mara nyingi huongezwa risasi ili ichongeke kwa urahisi, na viungo vya risasi ya kulehemia. Ukiweza kuchagua, chukua kifaa ambacho sehemu zote zinazoguswa na kimiminika ni za chuma cha pua. Watafiti hao waliona pia kwamba waliokuwa wakibadilisha koili mara kwa mara walielekea kuwa na metali nyingi zaidi katika mvuke, jambo linalonifanya niamini kwamba koili mpya inahitaji kuandaliwa kabla ya kuvutwa, na nitaeleza namna.

Kabla ya hapo nikuulize swali moja: je, hereni, bizimu ya mkanda au saa ya bei rahisi huwa inakuwasha ngozi? Muwasho huo kwa kawaida ni mzio wa nikeli. Ikiwa unao, achana na nikromu kabisa, na hata 316L, yenye nikeli asilimia 10 hadi 14, iweke kando. Kanthal utakufaa, na kama unataka kudhibiti joto kuna chuma cha pua cha 430, ambacho hakina nikeli katika utungaji wake na ukinzani wake unasomeka vizuri kuliko wa 316L.

Sasa kazi ya mikono. Kata waya wa sentimita 10, na bunda la mita 10 litakupa koili mia moja, kwa hiyo usione uchungu kutupa. Uoshe kwa maji moto na sabuni, kwa sababu waya huvutwa kiwandani kwa vilainishi na mabaki yake hubaki juu, kisha uukaushe. Uzungushe mara saba, ufunge, ukate miguu isiguse ganda, na kaza skurubu mpaka mguu usicheze ukiusukuma kwa kibano. Soma ukinzani kwenye kifaa kabla ya kuweka pamba: kwa Kanthal tarajia omu 0.9 hadi 1.1. Ukiona namba inarukaruka, mguu haujashikwa. Ukiona omu 0.2, kuna mahali panagusana.

Zima taa ya chumba, weka wati 8, na bonyeza kitufe kwa mapigo mafupi huku koili ikiwa haina pamba. Waya huanza kuonekana mwekundu gizani unapokaribia nyuzi 525. Tazama wekundu huo unapoanzia. Koili iliyo sawa huanza katikati, kwenye mzunguko wa nne, kisha rangi hutembea pande zote mbili kwa pamoja mpaka miguuni. Mguu mmoja ukitangulia kuwaka, skurubu yake imelegea, kama vile kiungo cha jiko la koili kinavyowaka pale fundi alipopindisha nyaya mbili bila kuzibana. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake ukawa wa manjano wakati mingine bado ni myeusi, mizunguko inagusana vibaya. Achia kitufe, kwangua mizunguko taratibu kwa ncha ya kibano cha kauri, kisha ibane kwa pamoja, na urudie. Baada ya mapigo matano au sita utaona waya umepoteza mng'ao wake na kuvaa ule ukijivu niliousimulia. Hiyo ndiyo ngozi ninayoitaka iwepo kabla hujavuta mara ya kwanza. Kwa 316L fanya hivyohivyo lakini uishie kwenye wekundu hafifu, usiufikishe kwenye rangi ya machungwa, kwa kuwa ngozi yake hailingani na ya Kanthal katika joto kali. Acha ipoe, suuza kwa maji, kausha.

Pamba ipite ndani ya koili kwa kusuguana kidogo bila kuisogeza. Ikibanwa sana kimiminika hakipandi, ikilegea sana katikati hukauka. Ilowanishe yote kwa matone, na ikiwa kifaa ni cha tangi subiri dakika kumi. Anza na wati 12, uvute mara tatu au nne, kisha panda wati moja moja. Kwa koili hii sitarajii uhitaji kupita 18. Ladha ikibadilika kuelekea kitu kilichoungua, shuka wati mbili na ubaki hapo. Pamba ibadilishe kila baada ya siku chache, na waya ukipata ukoko mweusi usiuchome mpaka uwe mwekundu ili kuusafisha, kama wengi wanavyofanya. Fungua skurubu, utupe, na ukate sentimita 10 nyingine.